Pesa Haikuzaliwa Ikulu

Ukiwasikiliza wachumi wa redioni, wahadhiri wa biashara na hata maofisa wanaopelekwa kaskazini mashariki kwa miaka miwili mitatu, utadhani jambo hili liliamuliwa zamani. Pesa, wanasema, ni serikali. Noti ina thamani kwa sababu iko benki kuu iliyoitoa, iko sheria inayomlazimisha muuzaji kuipokea, na iko dola yenye polisi nyuma ya sheria hiyo. Ondoa dola, inabaki karatasi. Wakitaka mfano wa karatasi hiyo, kidole huelekezwa ng'ambo ya Liboi: shilingi ya Somalia, noti isiyo na mwenyewe, ambayo kwao ni kichekesho na papo hapo ni dalili ya uhalifu. Anayeipokea Mandera au Dadaab ama hajui afanyalo, ama anajua mno.

Nakataa maoni haya kuanzia shina. Wenyewe huyaita sayansi, lakini watu wa Garissa wameishi jirani na jaribio ambalo hakuna chuo kikuu kingeruhusiwa kulifanya, nalo lilitoa jibu kinyume na lile lililoandikwa vitabuni.

Januari 1991 Rais Siad Barre wa Somalia alikimbia Mogadishu. Benki Kuu ikasambaratika pamoja na serikali yake. Hapakuwa na gavana, hapakuwa na akiba, hapakuwa na mahakama ya kumshitaki anayekataa noti. Kwa mujibu wa nadharia, shilingi ya Somalia ilipaswa kuzikwa mwezi huo huo. Haikuzikwa. Iliendelea kununua maziwa, nyama na nauli kutoka Bosaso hadi Kismayu, na ikavuka mpaka, ikapokewa na wafanyabiashara wa Kisomali upande wa Kenya na upande wa Ethiopia.

Upande wetu wa mpaka, katika miaka ile ile, palikuwa na shilingi yenye kila kitu ambacho nadharia inadai: benki kuu, sheria, jeshi na picha ya rais. Baada ya uchaguzi wa 1992 na kashfa ya Goldenberg, mfumuko wa bei Kenya ulifika karibu asilimia 46 mwaka 1993. Sisemi kwamba shilingi ya jirani ilikuwa bora kuliko yetu. Nasema kwamba kuwepo kwa dola hakukuiokoa ya kwetu, na kutokuwepo kwa dola hakukuiua ya kwao. Mwenye kusema dola ndiyo roho ya pesa ana kazi ya kueleza yote mawili.

Jibu lao la kwanza ni kwamba yale yalikuwa mazoea tu: watu walizoea noti, wakaendelea nayo kwa kuwa hawakuwa na jingine. Lakini mazoea hayachagui, na Wasomali walichagua. Mwaka 1991 kundi la Ali Mahdi Mohamed, lililojiita serikali ya mpito, lilitoa noti za sura mpya. Hazikufika mbali nje ya sehemu ya Mogadishu iliyokuwa mikononi mwake. Waliomfuata walipata funzo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mbabe wa vita Hussein Aidid aliagiza noti kutoka ng'ambo, jimbo la Puntland likaagiza zake, kisha wafanyabiashara waliokuwa karibu na serikali iliyoundwa Arta, Djibouti, mwaka 2000 nao wakaleta shehena. Watu hawa walikuwa mahasimu. Lakini tazama walichochapisha. Wote walichapisha noti ile ile ya shilingi 1,000, ya wanawake wanaosuka vikapu, kwa jina la benki isiyokuwepo. Hakuna aliyeweka uso wake. Hakuna aliyebandika jina la chama chake. Aliyeweza kuiteka bandari hakuweza kuongeza sifuri moja.

Hapa kwenye sifuri ndipo penye kiini cha hoja, na ndipo wapinzani wangu hupita mbio. Ya 1,000 ndiyo noti kubwa kuliko zote iliyoachwa na serikali ya Barre. Soko lilikataa kubwa zaidi yake. Sasa fikiria upande wa mchapishaji. Kuchapisha noti ng'ambo, kuipakia kwenye ndege na kuishusha Mogadishu kuna gharama, hata kama ni senti chache za dola ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dola moja ilibadilishwa kwa shilingi kama 10,000, kwa hiyo noti moja ilikuwa na thamani ya senti 10, na faida ya kuichapisha ilikuwa nono. Wakachapisha. Thamani ikaanguka, miaka michache baadaye dola ilikuwa imepita shilingi 20,000. Wakachapisha tena. Mwaka 2008 ilifika kama 35,000, yaani noti moja haikuzidi senti 3. Hapo faida ikakauka. Nani atoe senti 3 apate senti 3? Mashine zikapoa, na katika miaka iliyofuata shilingi hata ikapanda kidogo.

Laiti soko lingepokea noti ya 100,000, gharama ya karatasi ingebaki ile ile na thamani ya kuibiwa ingekuwa mara mia. Mahasimu wale wangechapisha hadi shilingi iwe takataka, kama ilivyotokea Zimbabwe, ambako palikuwa na benki kuu kamili, gavana mwenye ofisi, na mwishoni noti ya dola trilioni 100. Zimbabwe ilikuwa na dola iliyoweza kuongeza sifuri. Somalia ilikuwa na watu waliokataa sifuri. Hakuna aliyewaitisha mkutano wakakubaliana. Kila muuza maziwa aliangalia tu kama noti aliyopewa inafanana na ya jana. Kukataa huko kuliwekea karatasi sakafu, na dola ya Harare haikuwa na kitu cha namna hiyo.

Najua nitaambiwa kuwa nasifu wizi. IMF imekadiria kwamba asilimia 98 hivi ya noti za Somalia zilizo mikononi mwa watu ni bandia. Sibishi. Wala sibishi kwamba kila shehena iliyoshushwa ilimnyang'anya mtu: mwenye mshahara, mpagazi, mwanamke aliyeweka akiba yake ya noti ndani ya sanduku. Lakini tusome takwimu hiyo kwa makini, maana wanaoinukuu wanadhani inawasaidia. Ikiwa noti 98 kati ya 100 hazikutolewa na mamlaka yoyote halali, na bado zilinunua chumvi, basi thamani yao haikutoka kwa mamlaka. Ni hoja yangu hiyo wanayoibeba bila kujua.

Isionekane kwamba najenga nadharia juu ya kioja cha vita vya karibuni. Mambo haya yana umri, na mfano ninaoupenda unatoka kwa Waparthi, wafalme walioitawala Uajemi na Iraki kuanzia mwaka 247 K.K. hivi hadi 224 B.K. Msomaji wa Biblia amewakuta katika orodha ya mataifa ya Matendo ya Mitume na akapita. Sarafu yao kuu ilikuwa drakma ya fedha, ya gramu 4 hivi. Upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili mpiga upinde ameketi, upinde mkononi. Mpiga upinde huyo alianza kwa Arsaces wa kwanza, mwanzilishi. Aliketi pale kwa zaidi ya miaka 450. Kiti chake kilibadilika, kikapitia jiwe la mungu Apollo waliloliiga kwa Wagiriki hadi kiti cha enzi, lakini yeye hakuinuka.

Cha ajabu zaidi ni jina. Wafalme karibu wote wa ukoo huo waliitwa Arsaces kwenye sarafu. Mithradates ni Arsaces, Phraates ni Arsaces, Vologases ni Arsaces. Hata wakati wa vita vya ndani, ndugu wawili wakigombea kiti kama ilivyokuwa mwanzoni mwa karne ya 3 kwa Vologases na Artabanus, mpiga upinde alikuwa yule yule. David Sellwood, Mwingereza aliyezipanga sarafu hizo katika kitabu chake cha 1971, ilimbidi atambue mfalme kwa ndevu, kofia, hereni na namna ya kukata nywele, kwa kuwa jina halikumsaidia. Soma tena habari za Aidid na Puntland uone kama hukuwahi kukutana nazo.

Kisha yako maandishi. Mwanzoni yalikuwa Kigiriki safi. Kuanzia karne ya 1 B.K. yaliharibika kidogo kidogo hadi yakawa mistari inayofanana na herufi bila kuwa herufi. Kwa muda mrefu wasomi waliuita huo mporomoko: wachongaji waliosahau Kigiriki, wafalme wasiojali, dola iliyochoka. Ni maoni yale yale ya wachumi wetu yamevaa joho la mambo ya kale. Sarafu nzuri hutoka kwa dola yenye nguvu, sarafu mbovu kwa dola dhaifu, na mtumiaji hayumo popote katika hesabu.

Mimi nauliza: kama wachongaji walisahau, mbona hawakuacha nafasi tupu? Mbona mistari ile imepangwa ukingoni, pande zile zile nne zilipokuwa herufi, kuizunguka sanamu? Aliyeipokea drakma huko Ecbatana hakuisoma. Aliitazama. Alichotaka ni ifanane na ile aliyoipokea kwa baba yake, na mchongaji akampa. Herufi za kwao wenyewe, zinazosomeka, zilipoanza kuingia wakati wa Vologases wa kwanza, ziliwekwa pembeni kama mgeni anayeomba radhi, na mistari ya Kigiriki isiyosomeka ikaachwa mahali pake.

Tena Waparthi hao hao walikuwa na sarafu nyingine, kubwa, ya drakma nne, iliyopigwa Seleucia kando ya Tigris. Hiyo ilionyesha mambo ambayo dola hupenda: mfalme kwenye kiti akipewa taji na mungu wa kike wa mji, mwaka, wakati mwingine hata mwezi. Fedha iliyomo ndani yake iliyeyuka karne kwa karne, na kufikia wafalme wa mwisho ilikuwa karibu shaba tupu. Drakma ya mpiga upinde ilishuka pia, lakini ilihifadhi fedha yake vizuri zaidi kwa mbali. Sitadai kuwa picha ndiyo iliyolinda madini. Nadai kwamba ile sarafu yenye sahihi ya dola kila upande ndiyo dola iliyoila kwanza.

Mpinzani makini atasema drakma ni fedha halisi. Thamani yake ni madini, kwa hiyo hailingani na karatasi ya Mogadishu. Zinalingana pale pale. Sakafu ya drakma ni gharama ya kuchimba fedha, na sakafu ya noti ya 1,000 ilikuwa gharama ya kuichapisha na kuisafirisha. Kwa kukataa sifuri, watu waliigeuza karatasi iwe na tabia ya madini. Atasema pia kwamba Ardashir alipowashinda Waparthi mwaka 224 alimfuta mpiga upinde, akaweka jina lake na madhabahu ya moto, na watu wakapokea. Kweli. Lakini uzito wa drakma alioukuta, wa gramu 4 hivi, hakuugusa, na fedha yake ilikuwa safi. Alijua kipi cha kwake na kipi si chake.

Kwa Maria Theresa wa Austria sitakaa sana, maana watu wa mwambao na Pembe ya Afrika hawahitaji kusimuliwa. Alikufa Novemba 1780. Sarafu yake ya fedha ya gramu 28, ile reale ya Unguja, iliendelea kupigwa ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, Vienna kwanza na baadaye hata London na Bombay, kwa sababu wauza kahawa na pembe za ndovu hawakutaka nyingine. Menelik wa Ethiopia, mfalme mwenye jeshi lililowashinda Wazungu Adwa, alitoa sarafu zake kuanzia 1894, hazikumng'oa malkia. Italia ilijaribu katika koloni la Eritrea kwa kichwa cha mfalme wake Umberto miaka ya 1890, ikajaribu tena mwaka 1918 kwa mwanamke aliyefananishwa na yule wa 1780, ikashindwa mara zote mbili. Mwaka 1935, Mussolini akijiandaa kuivamia Ethiopia, alichukua mihuri kutoka Vienna na kuipiga sarafu hiyo Roma. Mtu aliyejaza picha zake kwenye kila ukuta wa nchi yake alilazimika kununulia ngamia na nyumbu kwa uso wa bibi wa Kiaustria.

Hoja yao yenye uzito ni kodi. Serikali, wanasema, hudai kodi kwa pesa yake, ndipo watu huitafuta. Hii ina ukweli, na Kenya inaujua kwa mgongo wake: kodi ya kibanda ndiyo iliyowasukuma wengi katika nchi ya juu kutafuta rupia na baadaye shilingi. Somaliland nayo ilitoa shilingi yake mwaka 1994 na Hargeisa ikaipokea. Kwa hiyo siwezi kusema dola haiwezi kuanzisha pesa. Inaweza, ikiwa na nguvu za kukusanya na watu wakakubali. Lakini hiyo ni njia moja kati ya nyingi, na ndugu zetu wachumi wanaifanya kuwa mlango pekee. Nani alikusanya kodi Mogadishu mwaka 1995 kwa namna ya kuipa noti uhai? Vizuizi vya barabarani vilivyotoza vilipokea chochote chenye thamani, dola ya Marekani ikiwemo. Waliovisimamia walifuata pesa ambayo watu walikuwa wameichagua.

Wapo watakaosema: hata hivyo mnaongelea mabaki, maana leo Msomali analipa kwa dola ndani ya simu na shilingi imebaki ya chenji. Sawa kabisa. Na nani aliamuru dola ya Marekani itumike Mogadishu? Si Washington wala si ikulu ya Villa Somalia. Watu waliihama pesa moja kwenda nyingine kwa miguu yao, kama walivyobaki na ile ya kwanza kwa hiari yao.

Ningeweza kuliacha hili liwe gumzo la wasomi kama lisingekuwa na gharama kwetu. Soko la mifugo la Garissa lilikua baada ya 1991 kwa ng'ombe wanaoswagwa kutoka Jubba ya Chini, kutoka Afmadow na viunga vya Kismayu, majuma kadhaa njiani. Mwenye ng'ombe hulipwa shilingi za Kenya, huzigeuza dola, hutuma kwa hawala, na huko aendako bidhaa zinamngoja. Kati ya muuzaji na mnunuzi kuna dalali, na kazi yake haishii kutaja bei. Yeye huweka jina lake rehani kwamba mnyama si wa wizi. Mnyororo huo una pesa za aina mbili tatu, na hakuna serikali moja inayousimamia wote. Unafanya kazi kwa sababu anayevunja ahadi hapokelewi tena. Mwanazuoni Peter Little aliandika kitabu kizima mwaka 2003 kuhusu uchumi huu usio na serikali, Garissa ikiwa miongoni mwa mahali alipofanyia utafiti, na bado kuna ofisi Nairobi zinazouona kama pengo la usalama tu.

Aprili 2015, siku chache baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa yaliyochukua roho 148, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa. Uchungu wa wakati ule hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa Garissa, na hakuna anayedai kwamba pesa za wauaji zisifuatwe. Lakini amri ile ilitoka katika imani ninayoipinga: kwamba pesa isiyopita mikononi mwa dola ni ya mashaka mpaka ijitetee. Walioumia kwanza ni familia zilizokuwa zikingoja dola 100 kutoka kwa ndugu aliye Minneapolis. Mwishoni mwa Juni leseni zikarudishwa.

Nitajibiwa kwa mwaka 2019, Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza tarehe 1 Juni kwamba noti ya zamani ya 1,000 itakufa tarehe 30 Septemba, na ikafa. Noti zipatazo milioni 7.4 hazikurudishwa, zikawa karatasi. Je, huo si ushahidi? Ni ushahidi kwamba dola inaweza kuua pesa. Kuua na kuzaa ni kazi mbili. Na noti mpya ilipokewa kwa sababu iliahidi kuwa ni shilingi ile ile, moja kwa moja, bila kupunguzwa. Katiba ya 2010 ilikuwa imekwisha kukataza, katika kifungu cha 231, picha ya mtu yeyote kwenye pesa yetu, na sarafu za Desemba 2018 zikatoka na twiga, kifaru, simba na ndovu. (Kwamba kwenye noti sanamu ya Mzee Kenyatta ilibaki imeketi nje ya KICC, na watu wakaenda mahakamani kwa ajili yake, ni kesi ya siku nyingine.) Rais aliondoka kwenye sarafu na mkate haukubadilika bei kwa ajili hiyo.

Kwa miaka sasa Benki Kuu ya Somalia, ikisaidiwa na IMF, imekuwa ikipanga kutoa noti mpya. Siku zitakapotoka, swali la kwanza dirishani litakuwa: mwenye gunia la noti za 1,000, za kweli mbili na za bandia 98, apewe nini? Kwa nadharia ya wapinzani wangu, apewe thamani ya zile mbili tu na aambiwe zilizobaki hazikuwahi kuwa pesa. Wafanye hivyo, waone ni nani atakayeigusa noti yao mpya, Mogadishu au Liboi.